Mbwa mwitu: Huitana kama ndege, hulea kwa pamoja

MTOTO wa Puge, wilayani Nzega, akiulizwa mbwa hulia vipi, atajibu haraka: hubweka. Lakini yuko mbwa wa porini ambaye sauti zake huwashangaza hata watu wazima. Ni mbwa mwitu, mwenye masikio makubwa ya mviringo na mabaka meusi, ya manjano na meupe.

Kabla ya kwenda kuwinda, kundi hukusanyika na kulia kwa sauti nyembamba za harakaharaka, utadhani ndege wengi juu ya mti. Mmoja akiachwa nyuma, huita “huu, huu” kwa sauti laini inayofika mbali, akiwatafuta wenzake.

Mwaka 2017, watafiti waliowafuatilia mbwa hao nchini Botswana walieleza kuwa hata chafya ina maana. Kundi likiwa limepumzika, chafya zikiongezeka huondoka. Viongozi wakianzisha safari, chafya chache hutosha. Wa chini wakianzisha, lazima ziwe nyingi.

Kwa kawaida jike mmoja ndiye huzaa, ila malezi ni ya wote. Wakitoka mawindoni huwatapikia nyama watoto na aliyebaki kuwalinda. Watoto wakianza kufuata kundi, huachiwa wale kwanza.

Tanzania bado ina mbwa mwitu wengi kuliko nchi nyingi, hasa katika hifadhi za Nyerere na Ruaha. Hata hivyo, duniani wanakadiriwa kuwa chini ya 7,000. Serengeti walitoweka mwaka 1991, kichaa cha mbwa kikitajwa miongoni mwa sababu, na mwaka 2012 ilianza kazi ya kuwarudisha kutoka Loliondo.

Hapo ndipo mzazi anapohusika. Kichaa hicho hubebwa pia na mbwa wetu wa nyumbani, wanaolinda boma na kuongozana na watoto machungani. Mbwa mmoja asiyechanjwa anaweza kuua kundi zima porini, na anaweza kumuua mtoto wako.

Mpeleke mbwa wako akachanjwe kila mwaka. Muulize ofisa mifugo wa kata siku ya chanjo. Mfundishe mtoto asimchokoze mbwa, na aking’atwa aseme bila kuogopa kugombezwa. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mkimbize kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo. Dalili zikishaanza, ugonjwa huu karibu kila mara huua.