Mtumbwi Mwekundu wa Bill Mason

Sogeeni karibu, wanangu. Mtumbwi mnaoujua ninyi huchongwa kutoka gogo moja, mzito, hausogei nchi kavu mpaka watu wausukume. Huu wa leo una mbavu za mwerezi, nje umevikwa turubai lililopakwa rangi nyekundu, na mtu mmoja huupindua akajitwika mabegani, akapita nao msituni hadi ziwa la pili. Mwenyewe ni Bill Mason, mtengeneza filamu, mzaliwa wa Winnipeg, Kanada, mwaka 1929.

Mason aliyasoma maji kama ninyi msomavyo vitabu. Tazameni: mto unapokwenda kasi, maji hujikunja yakaandika herufi V. Ncha ya V ikielekea kule mto unakokwenda, hapo pana njia, pita. Ncha ikikuelekea wewe unayekuja, chini limejificha jiwe. Piga kafi upesi, kaa mbali! Haya aliyaonyesha katika filamu zake, yeye mwenyewe akiwa mtumbwini, povu likimrukia usoni.

Filamu yake ninayoipenda kuliko zote ni *Paddle to the Sea* ya mwaka 1966. Mvulana anachonga kamtumbwi kadogo, anakaweka juu ya theluji kilimani. Theluji inayeyuka, kijito kinakachukua, kanaingia Ziwa Superior, na safari ya kwenda baharini imeanza. Kanapita kwenye maji machafu, kanaanguka hata kwenye maporomoko ya Niagara! Kamera imeshushwa karibu na maji, hata wimbi dogo linakuja kama mlima, na wewe uliyekaa kwenye kiti unazuia pumzi. Ikateuliwa kuwania tuzo ya Oscar.

Kisha akawageukia mbwamwitu. Siku hizo wengi waliwaona ni adui wa kupigwa risasi na kutegewa sumu. Mason aliwaweka baadhi yao kwenye boma nyumbani kwake, karibu na Ziwa Meech, Quebec, akawapiga picha wakiishi maisha yao, ili watu wamjue mnyama kabla ya kumhukumu. Kwa kazi hiyo tu ningemheshimu.

Na usisahau kwamba huyu alisomea uchoraji. Katika filamu yake *Waterwalker*, ya mwaka 1984, anapiga kambi kando ya Ziwa Superior, anapaka rangi kwenye karatasi kwa kisu badala ya brashi, akijaribu kuyakamata maji yasiyotulia. Picha isipompendeza, anaitia motoni. Kila nikifika hapo moyo wangu husononeka, natamani ninyooshe mkono niiokoe. Yeye anachukua karatasi nyingine.

Mwaka 1988 aliugua saratani. Akijua siku zake zimehesabika, alikwenda na familia na marafiki kwenye mto Nahanni, kaskazini mwa Kanada, wakateremka nao kwa mitumbwi. Alifariki Oktoba mwaka huohuo. Binti yake Becky naye ni mchoraji, na amefundisha watu kushika kafi.