Gemu za zamani zote zinarudi, Winning Eleven iko wapi?

KAMA umewahi kukaa kwenye benchi la mbao ndani ya banda la gemu, ukisubiri aliyefungwa aachie pedi, basi humsahau Adriano wa PES 6. Yule wa Inter Milan alikuwa anawatesa makipa wa Italia, lakini huyu wa kwenye TV ya inchi 14 alikuwa balaa zaidi. Akishapata mpira mita 30 kutoka golini, ukakaa mguu wa kushoto, watu wanaanza kushangilia kabla hujabonyeza kitufe cha mraba.

Gemu ile ilitoka mwaka 2006. Leo ukitaka kuinunua mpya kihalali, huipati. Haipo kwenye duka la mtandaoni la PlayStation, haipo Xbox, haipo kwenye kompyuta. Na si hiyo peke yake. Winning Eleven zote tulizozipenda, pamoja na zile zenye mtangazaji wa Kijapani ambaye hakuna aliyekuwa anamwelewa ila wote tulikuwa tunamwigiza akipiga kelele za goli, hazipo.

Kinachonishangaza ni kwamba haijawahi kutokea gemu za zamani zikarudishwa sokoni kwa wingi kama miaka hii. Crash Bandicoot ilirudi 2017. Resident Evil 2 ikatengenezwa upya 2019, Final Fantasy VII ikafuata 2020. Konami wenyewe, wenye mali yao Winning Eleven, walirudisha Castlevania na Contra mwaka 2019, kisha Metal Gear Solid mwaka 2023. Kampuni zimeshagundua kwamba sisi tuliokuwa tunaomba hela ya gemu kwa mama sasa tuna mishahara.

Mpira tu ndio umeachwa nje ya uwanja.

ISHIRINI NDANI, MPIRA NJE

Angalia mfano wa Sony. Desemba 3, 2018, miaka 24 kamili tangu PlayStation ya kwanza ianze kuuzwa Japan, walitoa PlayStation Classic. Ni kimashine kidogo cha kushika kiganjani chenye gemu 20 ndani yake, bei dola 99.99. Kulikuwa na Tekken 3, Metal Gear Solid, Resident Evil na GTA ya kwanza. Za magari zilikuwepo, Ridge Racer Type 4 na Destruction Derby. Hata mchezo wa kuteleza kwenye theluji, Cool Boarders 2, ulipata namba.

Mpira wa miguu? Hakuna hata gemu moja. Toleo la Japan lilikuwa na orodha tofauti kidogo, nako hakuna. Yaani mashine ambayo huku kwetu wengi tuliifahamu kwa sababu ya mpira, imekumbukwa kwa kuteleza kwenye theluji.

Hata zile zilizowekwa hazikutendewa haki. Tisa kati ya hizo 20 zilikuwa matoleo ya Ulaya, yaliyotengenezwa kwa ajili ya TV za zamani za kule zinazoonyesha picha 50 kwa sekunde badala ya 60. Kwenye karatasi unaona tofauti ndogo. Kwenye Tekken 3 ni kama mpiganaji wako amekula ugali wa nguvu halafu akaambiwa aingie ulingoni. Wiki chache tu baadaye, maduka ya Marekani yalishaanza kukishusha bei. Sikushangaa.

JINA LINA MWENYEWE

Sababu ya mpira kuachwa siyo kwamba hauuzi. Ishu ni haki. Crash Bandicoot ni mnyama wa kuchora, ana mwenye mali mmoja. Ukitaka kumrudisha, unaongea na huyo mmoja basi. Gemu ya mpira ina mamia ya wenye mali. Nembo ya klabu ni ya klabu. Jina la ligi ni la ligi. Majina ya wachezaji yanapitia chama chao cha dunia, FIFPRO, au kwa mchezaji mwenyewe. Jezi ni ya kampuni ya jezi, nyimbo ni za wanamuziki, sauti ni ya mtangazaji. Na mikataba hii ina mwisho. Ikishapita tarehe, kuuza gemu ileile tena ni lazima uanze kugonga mlango mmoja mmoja, na wengine waliokuwa ndani walishahama.

Anayedhani hayo ni maneno ya wanasheria tu amuulize Oliver Kahn. Kipa huyo wa Ujerumani aliipeleka EA mahakamani kwa kumtumia kwenye gemu ya Kombe la Dunia 2002 bila ridhaa yake, na mahakama ya Hamburg ikampa ushindi mwaka 2003. Mimi nipo upande wa Kahn kwenye hilo. Mtu kauza sura yake kwa jasho, huwezi kuichukua bure kwa sababu ni gemu.

Nintendo yaliwakuta mapema zaidi. Mwaka 1987 walitoa gemu ya ngumi ya Punch-Out!! ikiwa na jina la Mike Tyson juu ya boksi, na bosi wa mwisho alikuwa Tyson mwenyewe. Leseni ilipoisha, mwaka 1990 wakaitoa tena na bondia wa kubuni anayeitwa Mr. Dream. Ngumi zilezile, mwendo uleule, kichwa tu kimebadilishwa. Walipotoa mashine yao ndogo ya NES mwaka 2016, aliyekuwemo ni Mr. Dream, na ilikuwa mojawapo ya gemu zilizopendwa mle ndani. Tecmo Bowl, ya mpira wa Kimarekani, iliporudishwa kwenye duka la Nintendo la mtandaoni ilikuja na wachezaji wenye namba tu, majina yamefutwa.

Na kwa EA mambo yamekuwa mabaya kuliko kwa Konami. Ndoa yao na FIFA iliyoanza na gemu ya 1993 ilivunjika, na Septemba 2023 wakatoa EA Sports FC 24 bila jina la FIFA. Wakati huohuo FIFA za miaka ya nyuma, mpaka FIFA 23 ambayo ilikuwa na mwaka mmoja tu, ziliondolewa kwenye maduka ya mtandaoni. Ukiwa na CD, unayo. Kama hukununua, imekupita.

CASTOLO HANA WAKALA

Sasa hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema haiwezekani.

Winning Eleven haikuwahi kuwa na majina kamili. Huo ulikuwa ugonjwa wake na ndiyo ilikuwa raha yake. Roberto Carlos tulimjua kama Roberto Larcos. Uholanzi kuna wakati kikosi kizima kiliitwa Oranges, kila mmoja na namba yake, na sisi tulijua namba ipi ni Kluivert kwa kumwangalia anavyokimbia. Liverpool ilikuwa Merseyside Red. Chelsea ilikuwa London FC. Kuna mtu aliacha kucheza kwa sababu hiyo? Simjui. Aliyekuwa anakereka alikaa usiku mzima anabadilisha jina moja baada ya jingine, anahifadhi kwenye memori kadi, halafu anatembea nayo mfukoni kama kitambulisho cha kura.

Kwenye Master League ndiyo usiseme. Ulikuwa unaanza na kikosi cha watu ambao hawajawahi kuzaliwa: Castolo mbele, Minanda katikati, Ximelez pembeni. Taratibu, wachovu, na baada ya misimu miwili unawapenda kuliko wachezaji wa kweli. Hao ni mali ya Konami asilimia mia moja. Castolo hana wakala, hana klabu inayodai nembo, na hawezi kwenda mahakama ya Hamburg.

Kwa hiyo ninachoomba ni kitu rahisi kuliko wanavyokifanya kionekane. Toeni PES 5 na PES 6 bila jina hata moja la kweli. Timu zote ziwe Merseyside Red, wachezaji wote wawe Larcos. Ondoeni nembo, ondoeni nyimbo za watu, badilisheni sura zinazofanana mno na wenyewe, acheni ukurasa wa kuhariri majina ukiwa wazi. Mengine tutamaliza wenyewe, tuna uzoefu.

Njia hiyo imeshapitwa. Super Soccer ya Super Nintendo ilirudi mwaka 2019 kwenye huduma ya mtandaoni ya Nintendo Switch. Sensible World of Soccer, mpira wa Kiingereza wa miaka ya 1990 ambao wachezaji wake ni wadogo kama sisimizi, ilirudi kwenye Xbox 360 Desemba 2007. Na mwaka huohuo, jopo la wataalamu lilipotaja gemu kumi zinazostahili kuhifadhiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani, gemu ya michezo ilikuwa moja tu, hiyohiyo Sensible, ikiwa pamoja na Tetris na Super Mario Bros. 3. Mpira una hadhi hiyo kwa wanaojua.

WASIIGUSE

Hofu yangu ipo kwenye namna watakavyoirudisha, siku wakiamua.

Kuna kurudisha na kuna kuharibu. Tony Hawk's Pro Skater 1 na 2 zilirudi Septemba 2020 vizuri mno. Picha mpya, lakini dakika mbili za kila raundi ni zilezile, mkono ukishika pedi unakumbuka wenyewe. Nyimbo nyingi za mwanzo zilikuwemo. Hata wanamichezo wenyewe walichorwa na umri wao wa sasa, Tony Hawk akiwa mzee mzima kwenye ubao.

Halafu kuna kilichotokea kwa GTA. Novemba 2021 Rockstar walitoa zile tatu, GTA III, Vice City na San Andreas, kwenye kifurushi kimoja kipya. Sura zilikuwa kama za plastiki, mvua ilikuwa inaficha barabara, mabango ya mjini yalikuwa na makosa ya herufi, na baadhi ya nyimbo za redio hazikuwepo. Mbaya zaidi, walikuwa wameshaziondoa zile za zamani madukani kabla ya kuleta mpya. Watu waliwaka, kampuni ikaomba radhi na kuzirudisha za zamani kwenye kompyuta. San Andreas ndiyo gemu iliyowafundisha wengi mtaani Kiingereza cha matusi, na bado waliifanyia hivyo.

PES 6 ikiguswa vile, afadhali ibaki ilipo. Uzuri wake hauko kwenye picha. Uko kwenye uzito wa mpira. Pasi ukiipiga mchezaji akiwa amekaa vibaya, inakwenda vibaya. Ukibonyeza pembetatu mapema, winga ameotea. Ukichelewa, beki kashafika. Ndiyo maana fundi wa kibanda na mgeni walikuwa hawafungani 2-1, walikuwa wanafungana 6-0. Leo eFootball, iliyochukua nafasi ya PES mwaka 2021, ni ya bure, lakini kwa sehemu kubwa inataka uwe kwenye intaneti na inakukumbusha kila dakika kwamba kuna kadi za wachezaji za kununua. Winning Eleven ilitaka pedi mbili, TV moja na mtu wa kumtambia.

HUKU KWETU

Sony wana kapu la gemu za zamani kwenye huduma yao ya kulipia kwa mwezi, tangu 2022. Safi, ila Tanzania na Kenya hazimo kwenye orodha ya nchi ambazo duka lao linazihudumia rasmi. Mtu wa Mbagala au Kisumu inabidi afungue akaunti akijifanya anaishi Marekani au Uingereza, kisha atafute kadi ya malipo ya huko. Na PS5 yenyewe haisomi CD za PS2. Kwa hiyo hata wakiirudisha Winning Eleven kesho kwa njia hiyo, sisi tutaisikia kwenye habari. Iuzwe kwa malipo ya mara moja, na kwenye simu pia, maana ndiyo mashine tuliyonayo wote.

PS2 iliuzwa zaidi ya milioni 155 duniani, na gemu ya mwisho kutolewa kwa ajili yake Ulaya ilikuwa ya mpira, PES 2014, Novemba 2013. Lenzi zake sasa zinakufa moja moja. Utafiti wa mwaka 2023 wa taasisi ya Video Game History Foundation ulionyesha kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotoka Marekani kabla ya 2010 hazipatikani tena madukani kihalali. Za mpira zimejaa humo.

Zinazoishi zinaishi kwa mikono ya mashabiki. Brazil wana Bomba Patch, Winning Eleven ya PS2 iliyovalishwa timu zao na imekuwa ikisasishwa mwaka baada ya mwaka. Huku kwetu mafundi wameziweka Simba na Yanga kwenye PES za PSP, jezi mpya na usajili mpya, zinachezwa kwenye simu ya laki na nusu. Kisheria ni wizi, sitalipamba hilo. Lakini mwenye duka akifunga mlango miaka karibu ishirini, asishangae kukuta watu wanapita dirishani.

Kwa sasa anayemtaka Adriano ana njia mbili. Ya kwanza ni PS2 yenye lenzi nzima na CD isiyo na mikwaruzo. Ya pili ni faili kwenye simu ambalo Konami hawaambulii hata senti. Ile ya tatu, ya kulipa, ndiyo hawajaifungua.