Nakivale: Wakimbizi Wanaotibu Kiwewe cha Wenzao

Mfanyabiashara anayetoka Mbarara kwenda Nakivale, wilayani Isingiro, hufuata mahindi na maharage. Huviona vizimba na magunia. Haoni kiwewe cha muuzaji aliyeshuhudia ndugu zake wakiuawa. Asiyelala usiku hupanga bei kwa shida asubuhi.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliwahusu Wanyarwanda na Wasomali 277 wa Nakivale waliougua kiwewe. Washauri hawakuwa madaktari, bali watu wa kawaida, wakimbizi wenzao, waliopewa mafunzo mafupi. Kundi la kwanza lilisaidiwa kusimulia maisha yake yote, mabaya yakiwemo. La pili lilipewa ushauri wa aina nyingine. La tatu lilifuatiliwa tu bila tiba. Hatimaye ugonjwa haukuonekana tena kwa asilimia 70 ya kundi la kwanza, 65 ya la pili na 37 ya la tatu.

Mwenye nauli na fedha za matibabu humwona daktari Mbarara. Asiye nazo hunyamaza. Jirani aliyefundishwa anaweza kulipunguza pengo hilo. Basi mwenzako sokoni akishtuka ovyo au akijitenga, usimwite mkorofi. Muulize amelalaje.