Mji hukua pale mzigo unaposhuka

Mfanyabiashara anayevuka Namanga au Busia hahitaji kufundishwa hili: lori likisimama, mji unakula. Mama lishe anauza chai, kijana anabadilisha fedha, mwenye gesti anajaza vyumba. Lori likipita moja kwa moja, mji unaachiwa vumbi.

Historia ya eneo letu ni hiyo hiyo. Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, ulikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka pwani. Wapagazi walitua mizigo hapo, ikapakiwa mitumbwini kuelekea Kongo. Mwaka 1914 reli kutoka Dar es Salaam ikafika ziwani, lakini ikaishia Kigoma, kilometa chache kutoka Ujiji. Ujiji haukuhama; mzigo ndio uliohama. Hadi leo treni na meli hukutana Kigoma.

Nairobi ilipata bahati ambayo Ujiji iliikosa. Reli kutoka Mombasa ilipofika mwaka 1899, hapakuwa na mji. Wajenzi walitaka mahali tambarare pa kuweka karakana na stoo kabla ya kupanda milima kuelekea Bonde la Ufa. Mafundi walihitaji chakula, na wachuuzi wakafuata. Mwaka 1905 makao makuu ya serikali yakahamishiwa hapo kutoka Mombasa.

Sasa zamu ni ya miji ya mpakani. Vituo vya huduma za pamoja vya Busia na Namanga vilizinduliwa rasmi mwaka 2018. Taratibu za nchi zote mbili humalizwa mahali pamoja, upande wa nchi ambayo mzigo unaingia. Kwa mwenye nyanya, kila saa inayookolewa ni tenga lisilooza. Kwa mwenye gesti, ni mteja aliyepita.

Kwa hiyo, kabla hujanunua kiwanja au kulipia fremu ya mwaka mzima mpakani, usihesabu tu malori yaliyopanga foleni. Uliza yanasimama kwa nini. Foleni ya karatasi inaweza kufutwa kwa utaratibu mpya. Lakini pale mzigo unapobadilisha chombo, unapohifadhiwa, kuchambuliwa na kufungwa upya, kazi hudumu zaidi.

Nayo pia si ya milele. Ujiji ulikuwa na soko, wateja na jina. Kilichouponza ni kilometa chache.