Inamisha Ramani Kabla ya Kutaja Jina

Mtoto anayeonyeshwa Ngorongoro kwenye Google Earth kutoka juu kabisa haoni kreta. Anaona duara lenye doa jeupe ndani yake. Ukimwambia "hii ni kaldera", atalikariri neno na kulijibu kwenye mtihani, lakini sura ya nchi yenyewe itakuwa imempita. Ziara ya ramani ya kidijitali ina jambo kubwa ambalo ramani ya ukutani haina: picha huinamishwa na kuzungushwa. Nawasihi walimu waanzie hapo, na jina lije baadaye.

Inamisha picha mpaka upeo wa macho uonekane, na lile duara litaota kuta. Sasa uliza: mbona mlima huu hauna kilele? Mbona chini ni tambarare? Waache wabishane. Atakuwepo wa kusema mto ndio uliochimba, na mwingine atasema kimondo kilianguka. Wakishachoka kubishana, simulia: zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita hapa palikuwa na volkano kubwa. Ilipotapika magma, chumba kilichokuwa chini yake kikabaki kitupu, paa likakosa cha kuliegemeza, na kilele kikadidimia; shimo la namna hiyo ndilo kaldera. Lile doa jeupe ni Ziwa Magadi. Maji huteremka kutoka kwenye miinuko, hayana pa kutokea, jua linayakausha na chumvi inabaki. Mtoto aliyekwisha kuona kuta pande zote ataligundua hilo mwenyewe.

Hatua ninayoithamini kuliko zote ni ya kupima. Google Earth Pro, ambayo hupakuliwa bure kwenye kompyuta, hukuruhusu kuchora mstari juu ya ardhi na kupata mchoro wa mwinuko wake. Kutoka ukingo hadi ukingo, Ngorongoro ina upana wa kilomita 19 hivi na kina cha mita 600 hivi. Waambie watoto waichore daftarini, sentimita 1 kwa kilomita 1, wima na ulalo sawasawa. Upana utakuwa sentimita 19. Kina? Milimita 6. Watakataa, watapima upya, na watapata milimita 6 zilezile. Hapo ndipo pa kuwaeleza kwamba michoro mingi ya vitabuni huvuta urefu wa milima ili ionekane vizuri, na kwamba programu hii pia inaweza kuukuza hadi mara 3. Mwalimu aukague mpangilio huo kabla ya kipindi, maana mtoto anayezoeshwa miteremko iliyokuzwa atabeba mlima wa uongo kichwani.

Kivuli nacho hudanganya. Satelaiti nyingi hupiga picha saa nne asubuhi hivi. Desemba jua liko kusini mwa Ngorongoro, hivyo vivuli huelekea kaskazini-magharibi, upande wa juu wa ramani. Jicho limezoea mwanga unaotoka juu, kwa hiyo bonde huweza kuonekana kama tuta. Ukikumbwa na hilo, geuza picha kusini iwe juu.

Kutoka hapo, nenda kaskazini-mashariki hadi volkano ya Ol Doinyo Lengai. Picha nyingi huonyesha weupe kileleni, na darasa zima litasema ni theluji. Usiwasahihishe haraka. Wapeleke Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kisha walinganishe mwinuko: Kibo ina mita 5,895, Lengai haifiki 3,000. Huku karibu na Ikweta, barafu ya kudumu haikai chini kiasi hicho. Lava ya Lengai ina magadi kwa wingi. Hutoka nyeusi, kisha unyevu wa hewa huigeuza nyeupe. Hakuna volkano nyingine hai duniani inayojulikana kutoa lava ya aina hiyo.

Kompyuta moja na projekta vinatosha, mradi watoto wenyewe ndio wanaoamuru picha igeuzwe wapi. Intaneti ikisumbua, hifadhi picha za pembe mbalimbali mapema.

Usiwafiche pia mipaka ya chombo. Sehemu kubwa ya vipimo vya mwinuko katika ramani za namna hii ilitokana na rada iliyobebwa na chombo cha anga cha Marekani, Endeavour, kwa siku 11 mwezi Februari 2000, na kila kipimo huwakilisha mraba wa takriban mita 30. Korongo la mita 5 lililo nyuma ya shule halionekani humo. Hilo watoto watalipima kwa kamba na rula, na kulichora kwa kipimo kilekile cha wima na ulalo.