Kamera ya Dijitali katika Darasa la Shule ya Msingi

Kwa miaka mingi picha katika shule ya msingi imekuwa kitu cha kutazamwa tu, iwe ni mchoro wa kitabuni au bango la ukutani, ambalo mwalimu huonyesha na mwanafunzi hupokea. Kamera ya dijitali, yaani kamera inayonasa mwanga kwa kifaa cha kielektroniki badala ya filamu na kuuhifadhi katika mfumo wa tarakimu, hugeuza uhusiano huo, kwa kuwa mwanafunzi anayeishika hana budi kuamua kipi kionekane, kutoka upande gani na kwa sababu gani. Maamuzi hayo ndiyo somo lenyewe.

Wazo hili lilitangulia dijitali. Katika miaka ya 1970 mpigapicha wa Marekani, Wendy Ewald, aliwafundisha watoto wa milima ya Appalachia, katika jimbo la Kentucky, kupiga picha za nafsi zao, familia zao, jamii yao na ndoto zao. Kazi hiyo ilizaa, mjini Durham katika jimbo la North Carolina, mpango wa kufundisha kusoma na kuandika kwa njia ya picha, ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Duke, ambao baadaye ulifika Arusha na kutumiwa na walimu wa shule za msingi za huko.

Mpango huo una hatua 4. Ya kwanza ni kuisoma picha, yaani kuichunguza, kueleza inasema nini na kutaja kilichomo ndani yake kinachothibitisha maelezo hayo. Ya pili ni kupanga, ambapo wanafunzi, wakiwa katika vikundi, huandika au kuchora picha wanayoikusudia kabla ya kugusa kamera. Kwa sababu hiyo kamera moja, au simu janja ya mwalimu, huweza kuhudumia darasa kubwa. Ya tatu ni kupiga picha, na ya nne ni kuiandikia. Mtoto ambaye hushindwa kuanza insha akikabiliwa na ukurasa mtupu, sasa huwa na kitu mbele yake cha kueleza.

Dijitali imeongeza fursa ya kurudia. Filamu ya kawaida ilikuwa na nafasi 24 au 36 na ilipaswa kusafishwa kwanza, ilhali picha ya dijitali huonekana papo hapo, hivyo kikundi huweza kuona kwamba mwanga ulitoka nyuma ya mtu na kuufanya uso wake kuwa mweusi, kikajadili sababu na kupiga tena.

Katika sayansi, wanafunzi waliopanda maharage kwenye kopo wanaweza kuyapiga picha kila asubuhi kutoka mahali palepale, rula ikiwa imesimamishwa kando, hadi wapate mfululizo unaoonyesha shina likichomoza na majani yakikunjuka, ambao kutokana nao huchora grafu ya urefu. Katika hisabati, wanaweza kutafuta pembe kali, pembe mraba na pembe butu katika mapaa, milango na matawi ya miti, kisha kuzipima kwenye picha zilizochapishwa.

Hata hivyo, picha ya mtoto ni taarifa binafsi, na Kenya kwa sheria ya mwaka 2019 na Tanzania kwa sheria ya mwaka 2022 zimeweka ulinzi wa taarifa za namna hiyo. Shule inapaswa kupata idhini ya wazazi, kuepuka kusambaza nyuso za wanafunzi mitandaoni, na kuwafundisha watoto wenyewe kuomba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, kwani adabu hiyo ni sehemu ya elimu.

Mwalimu asisubiri maabara ya kompyuta ndipo aanze. Kamera moja, swali lililofikiriwa vizuri na daftari la kuandikia vinatosha, mradi kila picha inayopigwa ifuatwe na maneno ya mwanafunzi mwenyewe.