JINSI YA KUIULIZA KOMPYUTA BILA KUMWACHA MTU



Ndugu wanafunzi na wazazi wa Kihonda, wengi wetu tukiona orodha imetoka kwenye kompyuta huiamini moja kwa moja. Lakini kompyuta hujibu lile tu ililoulizwa. Ikiulizwa vibaya, mtoto mwenye sifa huachwa na asiye na sifa huingizwa.

Tuchukue mfano wa matokeo ya kidato cha nne, yanayotolewa na Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, lililoundwa mwaka 1973. Tuseme shule imeyaingiza kwenye kanzidata yake, somo moja mstari mmoja:

Namba 7 – Fizikia – B
Namba 7 – Kemia – C
Namba 7 – Biolojia – A

Mwalimu anatafuta waliopata C au zaidi katika masomo hayo matatu, yaani masomo ya tahasusi ya PCB. Anaandika: somo liwe Fizikia NA liwe Kemia NA liwe Biolojia. Orodha inatoka tupu! Sababu ni kwamba kompyuta hupima mstari mmoja mmoja, na hakuna mstari wenye masomo matatu. Namba 7 kafaulu yote, lakini haonekani.

Akiweka AU mahali pa NA, anapata hata mwenye Biolojia peke yake.

Njia sahihi ina hatua tatu:

1. Chuja mistari. Somo liwe Fizikia AU Kemia AU Biolojia, NA daraja liwe A, B au C. Hapa NA inafaa, kwani somo na daraja viko kwenye mstari mmoja.

2. Kusanya mistari iliyobaki kwa namba ya mwanafunzi. Katika lugha ya SQL amri yake ni GROUP BY.

3. Hesabu masomo ya kila mwanafunzi, ubakize mwenye matatu. Amri yake ni HAVING.

Tahadhari: hesabu masomo tofauti, usihesabu mistari. Namba 21 alirudia mtihani, ana Fizikia mara mbili na Kemia mara moja. Mistari yake ni mitatu, masomo ni mawili. Neno DISTINCT huondoa marudio hayo.

Msingi wa elimu hii uliwekwa na Edgar F. Codd wa kampuni ya IBM mwaka 1970. Mwaka 1974 Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wa kampuni hiyo hiyo, walieleza lugha iliyokuja kuitwa SQL.

Basi ndugu msomaji, kabla ya kubandika orodha ukutani, chagua wanafunzi wawili unaoyajua matokeo yao: mmoja anayestahili kuwemo na mmoja asiyestahili. Watafute kwenye orodha. Usipoyakuta yanayotarajiwa, rudia swali lako kabla hujamnyima mtu haki yake.